Uchambuzi wa kisa: Honda ya mwaka 1990, kadi ya mtu wa Dar na foleni ya Kigongo

Kisa hiki nilikuwemo, upande wa mnunuzi, kama mtu wa kukagua mashine. Majina, mitaa, namba za usajili na tarehe kamili nimeziondoa. Bei nimeziacha kama zilivyokuwa, maana bila bei hapa hakuna cha kujifunza. Muuzaji nitamwita Muuzaji tu. Mnunuzi nitamwita Kijana, ingawa ana miaka 31 na watoto wawili. Kuna na mnunuzi mwingine aliyemtangulia, aliyeishia bila pikipiki. Huyo ni Mgeni wa Sengerema.

Pikipiki yenyewe

Ni Honda VFR400R ya mwaka 1990, ile ambayo wapenzi wake huiita kwa namba ya fremu, NC30. Honda waliitengeneza kati ya 1989 na 1992, hasa kwa soko la Japani, ambako leseni ya kati iliishia cc 400. Kwa hiyo viwanda vyao vilikuwa vikimimina ufundi wote wa mashine za mashindano ndani ya injini ndogo. Sura yake imeigwa kwa kaka yake mkubwa, VFR750R, ambayo Fred Merkel aliitumia kuchukua ubingwa wa dunia wa Superbike 1988 na 1989.

Silinda ni nne, zimekaa kwa umbo la V, na kabureta nne zimebanana katikati yake kama vifaranga kwenye kikapu. Kemshafti, vyuma vinavyofungua vali, hazivutwi na cheni ya taimingi, zinazungushwa na gia, ndiyo maana injini ikiwaka inatoa mluzi mwembamba juu ya mngurumo. Gurudumu la nyuma limeshikwa upande mmoja tu. Mita inaishia 180, kwa sababu huko Japani zilifungwa zisizidi hapo. Mtu akikuambia yake ya Kijapani inafika 250, mwombe akuonyeshe 250 imeandikwa wapi.

Yapo mambo mawili yatakayorudi mbele. Rimu ya nyuma ni inchi 18 na tairi lake ni 150/60, kipimo ambacho viwanda vichache sana bado vinakitoa. La pili ni namba. Pikipiki za soko la ndani la Japani hazina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Ya fremu inaanza na NC30, ya injini inaanza na NC13E, na ndivyo zilivyotoka kiwandani.

Muuzaji na alivyoipata

Muuzaji ni mtumishi aliyekaribia kustaafu, mtu wa Jumapili: anaiosha Jumamosi, Jumapili baada ya ibada anatoka Nyegezi kwenda Buhongwa hadi Usagara, anageuza, anarudi kula. Aliinunua Dar es Salaam mwaka 2019 kwa shilingi 5,500,000, ikapandishwa juu ya lori la mizigo hadi Mwanza. Aliandikishiana mkataba na aliyemuuzia, akapewa kadi halisi ya usajili, akaiweka kwenye bahasha ya khaki kabatini. Umiliki hakuhamisha. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu: "Mwanangu, kadi ninayo mimi, pikipiki ninayo mimi, nani atanidai?" Nusu ya pikipiki za mtumba nilizowahi kukagua zimebebwa na sentensi hiyo.

Sababu ya kuuza ilikuwa bati. Nyumba imefika kwenye lenta na mvua za Novemba haziko mbali.

Mauzo ya kwanza

Alipiga picha pale ziwani, Mwamba wa Bismarck nyuma, jua la jioni kwenye tangi. Picha nzuri kweli. Alitaka 9,000,000. Wiki tatu za kwanza alipata simu za "bei ya mwisho ngapi?" na vijana wa kuomba "raundi moja tu, mzee". Hakuna aliyeuliza kadi.

Kisha akaja Mgeni. Walikubaliana 8,000,000, akatoa advansi ya 1,000,000, akaomba aondoke nayo kwenda nyumbani na salio alipe kesho yake. Muuzaji alikubali. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilikuwa bado linajengwa (lilifunguliwa Juni 2025), kwa hiyo njia ya Sengerema ilikuwa kivuko, na kivuko ni foleni.

Kuna kitu Muuzaji alikijua na hakukisema: pikipiki ilikuwa haichaji. Usiku uliotangulia alikuwa ameitoa betri na kuichaji nyumbani mpaka ikajaa. Kwenye mwendo ingemfikisha mtu mbali, maana barabarani upepo unapoza rejeta bila kuomba umeme. Kwenye foleni ni hadithi nyingine. Saa saba mchana, malori ya dagaa mbele na nyuma, Mgeni anasogea mita kumi anasimama, anasogea tena. Mashine inapata moto, feni ya rejeta inawaka na haizimi. Feni inakula betri, na hakuna kinachorudisha. Kivuko kilipofika alikuwa amezima kuokoa mafuta. Alipobonyeza stata akasikia ile tik-tik-tik ambayo kila mwenye pikipiki anaijua. Wachuuzi wawili wa samaki walimsukuma mpaka pembeni.

Alimpigia Muuzaji simu akiwa palepale, na maneno hayakuwa mazuri. Jioni pikipiki ilirudi Mwanza juu ya kirikuu, na milioni moja ikarudi mfukoni mwa Mgeni. Nauli ya kirikuu alilipa Muuzaji.

Ukaguzi

Kijana anauza vipuri vya mashine za boti pale Kirumba, karibu na mwalo, na sikio lake limezoea mashine. Aliiona ile picha ya Bismarck mwezi mmoja baada ya mkasa wa Kigongo, ambao yeye hakuujua. Akaniomba tuongozane.

Nilimwomba Muuzaji kwa simu asiiwashe kabla hatujafika. Tulifika saa moja asubuhi. Kabla ya salamu kuisha niliweka kiganja kwenye kava la injini. Lilikuwa na joto, kama chapati zilizofunikwa kwa kitambaa.

"Mzee, imeamka kabla yetu."

Akacheka. "Nilikuwa naipasha tu, isiwasumbue."

Mashine iliyopashwa huwaka kwa adabu. Ya baridi ndiyo inayosema ukweli: uvivu wa kabureta, moshi, gonga la sekunde tano za kwanza. Tukanywa chai, tukaaga, tukarudi kesho yake saa kumi na mbili na nusu kwa makubaliano kwamba hata switi haiguswi. Safari hii kava lilikuwa na umande. Choki ikavutwa, ikawaka mara ya tatu, ikatoa moshi mweusi kidogo halafu ikatulia. Moshi ule haukunitisha. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa huku ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Dar, na kabureta zilizopangwa kwa hewa ya pwani zikifika huku zinamwaga petroli nyingi kuliko hewa inavyodai. Plagi zilikuwa na masizi makavu, hazikuwa na oili. Hilo ni la kurekebisha kwa spana.

Kijana alikunja uso aliposikia mluzi. "Mashine ya boti ikilia hivi tunafungua." Nikamweleza habari ya gia. Muuzaji akadakia kwamba fundi mmoja aliwahi kumwambia cheni ya taimingi imelegea na kutaka 400,000 za kuibadilisha. Cheni hiyo haimo ndani ya injini ile.

Nikaweka testa kwenye betri. Ikiwa imezimwa, volti 12.7. Nikawasha, nikapandisha mpaka mizunguko 5,000. Betri inayochajiwa vizuri ingesoma kati ya 13.5 na 14.5. Hii ilisoma 12.4, na wakati naitazama ikawa 12.3.

Nikatoa siti na kava la pembeni, nikafuata nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye alternata kwenda kwenye rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa alternata uweze kuchaji betri. Plagi inayoziunganisha ilikuwa na tundu moja lililoyeyuka, plastiki imejikunja, rangi yake kahawia kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Nilichomoa, nikapima nyaya za njano mbili mbili: ukinzani ni sawa zote, na hakuna uliogusa bodi. Maana yake alternata ni nzima, kilichokufa ni rektifaya, ugonjwa unaojulikana kwa Honda nyingi za V za zama zile. Tofauti ya gharama kati ya hivyo viwili ni kubwa, ndiyo sababu nilipima badala ya kukisia.

Nilipoinua kichwa Muuzaji alikuwa anaangalia ziwa.

"Hiyo naijua," akasema.

Hapo ndipo kisa kilipogeuka, na si mimi niliyekigeuza. Kijana hakumfokea. Alimwambia: "Mzee wangu, sijaja kukukamata. Niambie yote unayoyajua, niamue mara moja." Muuzaji akaingia ndani, akatoka na daftari la mjukuu, akakaa kwenye ngazi na kuandika. Yalifika mambo kumi na moja. La Kigongo alilitaja mwenyewe. Mengine nisingeyagundua siku ile: tangi lilishazibwa kutu kwa dawa, na kava la kulia liliwahi kupasuka na kuunganishwa.

Mawili niliongeza mimi. Tairi la nyuma lilikuwa na kashata zake zote, linang'aa, lakini pembeni namba ya tarehe ilisomeka 3411, yaani wiki ya 34 ya mwaka 2011. Ukilikunja kidogo nyufa zinafunguka kama kisigino cha kiangazi. Na ile ringi ya kukazia cheni, inayotakiwa kuzungushwa kwa spana yake maalumu ya ndoano, ilikuwa na alama za patasi na nyundo pande zote.

Karatasi

Kwenye fremu: NC30. Kwenye injini: NC13E. Kijana alitaka kuondoka. Alidhani injini imebadilishwa, na mtu yeyote mwenye akili angedhani hivyo. Nilimwonyesha kwamba ndivyo zilivyo zote. Tatizo la kweli lilikuwa kwenye kadi: namba ya injini ilikuwa imeandikwa pungufu tarakimu moja, na jina la mwenye mali lilikuwa la mtu wa Dar ambaye Muuzaji hajawahi kumwona. Aliyemuuzia alikuwa mtu wa pili, naye hakuhamisha.

Kuhamisha umiliki TRA kunataka mkataba wa mauziano, kadi halisi na TIN za pande mbili, na muuzaji anayetambulika ni yule wa kwenye kadi. Kwa maneno mengine, kwenye kumbukumbu za TRA Muuzaji wetu alikuwa anauza pikipiki ya mtu mwingine, kwa nia njema kabisa.

Bei na mkataba

Tulianzia 8,000,000, bei aliyoikubali Mgeni, tukakata. Rektifaya na plagi yake 300,000. Tairi la nyuma, pamoja na kulisafirisha, 500,000. Cheni, spoketi na ile ringi 250,000. Ikabaki 6,950,000, na mpaka hapo hakukuwa na ubishi mkubwa. Ubishi ulikuja Kijana alipotaka kukata 650,000 nyingine kwa ajili ya kadi. Muuzaji alikasirika: "Karatasi nayo ina bei?" Waliachana siku mbili. Siku ya tatu alipiga simu mwenyewe, wakafunga 6,300,000.

Maamuzi matatu yaliandikwa mbele ya wakili:

Kijana atalipa 4,300,000 siku ya kusaini, na 2,000,000 kadi itakapotoka kwa jina lake. Nililisukuma hili mimi. Muuzaji aliyelipwa zote hana sababu ya kupanda basi kwenda kumtafuta mtu Dar.

Pikipiki itakaa stoo kwa Kijana bila kutembea barabarani, na kadi halisi itakaa kwa wakili. Muuzaji alitaka ibaki kwake. Kijana alikataa kwa sababu ya vijana wa "raundi moja tu".

Ile karatasi ya daftari, yenye mambo kumi na moja na mawili yangu, ikasainiwa na kubandikwa kama kiambatisho. Hakuna atakayesema baadaye hakuambiwa.

Yaliyofuata

Mtu wa kwenye kadi alipatikana wiki ya sita, kupitia yule wa pili. Yu hai, yuko Dar, na alikuwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kuwa na pikipiki hiyo. Alikubali kusaini mkataba wa moja kwa moja na Kijana, lakini alitaka 300,000 "za usumbufu". Tukafungua mkataba kutafuta nani analipa. Mkataba haukusema. Nilikaa pale mezani siku ya kuuandika, niliona tunazungumzia volti na tairi kwa saa nzima, na sikuuliza swali jepesi kuliko yote: akidai hela je? Waligawana, 150,000 kila mmoja, baada ya siku nne za kutopokeleana simu.

Marekebisho ya namba ya injini yalitaka ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani na picha za namba zote mbili. Ofisa mmoja naye alishangaa NC30 na NC13E, akaelezwa, akaelewa. Kadi ilitoka wiki ya kumi na moja.

Rektifaya mpya ilifungwa siku moja, plagi iliyoyeyuka ikakatwa na nyaya kuunganishwa upya kwa risasi, na testa ikasoma 14.2. Kabureta zilichukua siku mbili na matusi kiasi. Tairi ndilo lililotutesa: miezi minne. Katikati ya kusubiri, muuza matairi mmoja alimshauri Kijana afunge la bodaboda. "Inchi 18 ni inchi 18, kaka." La bodaboda lina upana wa kama nusu ya lile. Ungeegemea nalo kona ya kwanza ya Mkolani, ya pili usingeifika.

Uchambuzi

Watu niliowasimulia kisa hiki wengi husema rektifaya ya 300,000 ilimpotezea Muuzaji milioni 1.7, yaani tofauti ya 8,000,000 na 6,300,000. Sikubaliani. Mgeni hakuuliza kadi. Angelipa 8,000,000, halafu siku atakayokwenda kuhamisha umiliki angerudi na hasira kubwa kuliko za Kigongo, na pengine na polisi. Bei ile haikuwahi kuwa bei, ilikuwa deni lililosubiri tarehe. Ukitazama makato, kubwa kuliko yote lilikuwa la kadi: 650,000, kuliko tairi, kuliko rektifaya. Ongeza na 150,000 za Dar. Mwaka 2019 mtu wa pili alikuwa bado anapokea simu, mtu wa kwanza bado anakumbuka pikipiki yake, na gharama ya kumaliza jambo hili ingekuwa ada za kawaida na asubuhi moja ya foleni.

Kuficha ubovu wa chaji kulimgharimu kwa namna nyingine. Pikipiki kama hii haina soko la watu mia. Jijini kote wanaoijua na wenye hela ya kuinunua labda ni kumi, na wote wanafahamiana. Baada ya Kigongo habari zilisambaa, na mwezi mzima simu haikuita. Kijana alimpata kwa sababu tu yeye ni mtu wa boti, hayumo kwenye kundi lile.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia ni karatasi ya daftari. Nimekagua pikipiki nyingi, na kwa kawaida mnunuzi akigundua kosa moja anadhani yapo kumi, anakata bei ya kumi. Hapa makosa yalikuwa kumi na matatu, yameandikwa, na makato yakafanywa kwa yale yenye gharama tu. Kava lililounganishwa halikukatwa hata shilingi. Laiti karatasi ile ingekuwepo siku ya Mgeni.

Kushikilia 2,000,000 kulifanya kazi pia, ila nadhani tulishikilia nyingi mno. Bati zilinunuliwa nusu, mvua ikawahi, na Muuzaji aliishi wiki sita akiamini amedhulumiwa. Milioni moja ingetosha kumpeleka Dar.

Makosa yangu ni mawili. Nilianza na injini wakati nilipaswa kuanza na bahasha ya khaki: dakika tano za kusoma kadi zingetuambia kwamba mtu wa kutafutwa kwanza yuko Dar, kabla hatujataja bei yoyote. La pili ni lile la mkataba.

Salio la 2,000,000 lililipwa kwa simu siku kadi ilipotoka, Muuzaji akiwa juu ya paa na mafundi wake. Jioni Kijana alinitumia picha ya kadi mpya. Jina lake limeandikwa sawasawa. Tarakimu iliyokosekana imewekwa. Nikakuza picha kusoma namba ya injini: NC13F. Kesho yake asubuhi alikuwa tena kwenye foleni ya dirisha lilelile, na ile picha ya namba mkononi.